Mama Breki Anachagua Gari

Watu wengi ukiwatajia gari wanataka kujua rangi yake na linakimbia kiasi gani. Mama Breki alikuwa na swali moja tu: "Ukikaa kwenye usukani, pembe za boneti unaziona?" Kama huzioni, basi hata ungemwambia gari lina kiyoyozi, redio na viti vya ngozi, ameshaacha kukusikiliza. Msinielewe vibaya, hakuwa mjuaji. Wajuaji wa magari ninawafahamu, wamejaa kila kibaraza, na wengi wao hata baiskeli hawana. Mama Breki alikuwa mwalimu wa udereva, na gari kwake lilikuwa darasa.

Wala hakufundisha watu wepesi. Shule nyingine za udereva pale mjini zilichukua vijana wenye haraka ya maisha, zikawazungusha siku chache, zikawapeleka kwenye mtihani. Yeye alipokea waliokataliwa huko. Alimpokea fundi cherehani aliyekuwa akifumba macho kila akifika njia panda. Alimpokea mwalimu wa kwaya ambaye akiona mtu anayemfahamu aliachia usukani ili ampungie kwa mikono miwili. Alimpokea mzee mmoja mfiwa, ambaye marehemu mkewe ndiye aliyekuwa dereva wa nyumba, naye siku ya somo la kwanza akafungua mlango wa nyuma na kukaa kimya akisubiri kupelekwa. Watu hao walikuwa wamefokewa mahali pengine mpaka wakaamini kwamba Mungu aliwaumba watembee kwa miguu. Mama Breki hakumfokea mtu. Nimewauliza wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia akipandisha sauti ndani ya gari.

Sauti hakuihitaji, kwa sababu alikuwa na mguu. Gari la kufundishia huwa na pedali ya pili ya breki upande wa abiria, anapokaa mwalimu. Walimu wengine huigusa pedali hiyo mambo yanapoharibika. Mguu wa kulia wa Mama Breki ulikuwa na akili zake wenyewe. Ukiona kuku, unakanyaga. Ukiona mtu mbali kule anafikiria kuvuka, unakanyaga kabla hata mwenyewe hajakata shauri. Walisema kwamba hata akikaa sebuleni kutazama taarifa ya habari, gari likitokea kwenye runinga mguu wake unabonyea zulia. Jina la Mama Breki alipewa na wanafunzi, akalipokea kwa fahari, na mwishowe hata wenye maduka walimwita hivyohivyo, jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho.

Udereva wenyewe aliupatia kwenye mikate. Alipokuwa msichana aliajiriwa kiwanda kidogo cha mikate, kazi yake kufunga. Siku moja dereva wa gari la mikate akaugua, mwenye kiwanda akaingia kwa hasira akauliza nani hapa anajua kuendesha, na yeye akanyoosha mkono. Uongo mtupu! Hakuwa amewahi hata kukaa kiti cha mbele. Alitoka uani, akaingia garini peke yake, akaliondoa huku linarukaruka, akagonga pipa la maji, akagonga ukuta wa choo, na mikate ikafika madukani imebonyea lakini imefika. Tangu siku hiyo gari likawa lake kuliendesha. Mumewe alipofariki mapema, gari hilohilo la mikate ndilo lililomsomesha mtoto wao wa pekee. Kiwanda kilipofungwa, wanawake wa mtaani waliokuwa wakimwona akipita kila asubuhi wakamjia mmoja mmoja: dada, nifundishe na mimi. Akanunua gari, akafungiwa pedali ya pili, na kazi ikaanza.

Gari hilo lilimtumikia miaka mingi kuliko ilivyo haki kwa gari lolote. Siku lilipokata roho, lilikata mbele ya soko, mwanafunzi akiwa ameushika usukani huku analia kwamba yeye ndiye aliyeliua. Akaitwa fundi, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Fundi huyu mtaani anaitwa Pole, kwa sababu akifungua boneti la mtu neno lake la kwanza ni hilo, hata kama kilicholegea ni waya. Safari hii alifungua, akatazama, akafunga taratibu kama anayefunika uso wa marehemu. "Pole, shemeji," alisema, na Mama Breki akajua kwamba leo ni pole ya kweli.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyokuwa. Akiba ya Mama Breki pamoja na nyongeza ya mwanawe ilitosha gari moja, na hakukuwa na mara ya pili. Akikosea kuchagua, shule imekufa. Mwanawe alikuwa mtoto mwema, anafanya kazi ofisi ya bima, na alikwishapaka rangi chumba cha uani kwake ili mama aje apumzike. Mama Breki alikitazama kile chumba, akasifu rangi, akarudi nyumbani na kulia. Hakuwa amechoka. Alipenda kazi yake jinsi watu wengine wanavyopenda kula, na kukalishwa kwenye kiti cha uani akiletewa chai kungemmaliza kabla ya siku zake. Wanafunzi walikuwa wametawanyika kwenda kwingine. Amebaki mmoja.

Huyo mmoja alikuwa mkunga wa zahanati. Mwanamke mpana, mpole, mikono yake imepokea nusu ya watoto wa mitaa ile, na hakuna aliyewahi kuiona ikitetemeka. Lakini mpe usukani! Jasho lilimtiririka mpaka viwikoni, mabega yakampanda masikioni. Alikuwa ameshaanguka mtihani mara kadhaa, kila mara kwa kosa lilelile: hafungi breki kwa wakati. Zahanati ilikuwa imepata gari la kuwafuata kina mama majumbani, gari limeegeshwa pale linapigwa jua, na daktari mkuu alimwambia wazi kwamba akikosa leseni safari hii kazi atapewa mwingine. Maneno yalikuwa yameanza kusemwa mjini. Mama Breki amezeeka. Mama Breki gari hana, na mwanafunzi wake hapiti.

Magari yaliyokuwepo ni mawili. La kwanza lilikuwa jipya, la bei nafuu, dogo, jeupe, limekaa kwenye duka la magari lenye vioo toka juu mpaka chini. La pili lilikuwa kuukuu, la mpima ardhi mstaafu ambaye macho yalikuwa yamemwishia, na alikuwa amelikabidhi gereji kwa Pole amtafutie mtu wa heshima. Lilikuwa na umbo la sanduku, rangi ya udongo, na pembe zake za boneti ungeweza kuzishika kwa macho.

Jumapili mchana wakakaa mezani kwa Mama Breki, mwanawe upande huu, Pole upande ule.

"Mama, jipya ni jipya," mwanawe akaanza. "Lina dhamana. Likiharibika wanalitengeneza wao, wewe umekaa. Mimi kila siku napokea watu waliouziwa magari makuukuu, wanakuja ofisini wanalia."

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," Pole akasema huku anajipakulia.

"Baba mdogo, tuache methali. Hilo lako la tangu lini?"

"Lina umri wako. Na lina adabu kukushinda."

"Na siku likikatika chuma katikati ya barabara?"

"Nimelilalia chini siku nzima nikiligonga na nyundo. Bodi ni bodi kweli. Hilo jipya lenu nikilipigia chafya linabonyea. Hao wanafunzi wa shemeji ni watu wa kugonga, mwanangu. Wanagonga vitu ambavyo havipo!"

Wakarushiana hivyo mpaka chakula kikapoa. Mama Breki alikuwa anawasikiliza tu. Kuna watu wangechukua karatasi wakagawanya faida huku na hasara kule, au wangeenda kuliendesha gari wenyewe wakarudi na kusema limenikaa. Yeye alikuwa na desturi yake, na mimi nikiifikiria mpaka leo navua kofia. Alisema gari la kufundishia halichaguliwi na anayejua kuendesha. Anayejua ataendesha hata toroli. Gari hilo analichagua mwoga kuliko wote, na mwalimu akae pembeni atazame mwoga anavyolipokea.

"Nitamchukua mkunga," akasema. "Aendeshe yote mawili."

Mwanawe akashika kichwa. "Umuweke yule mama kwenye gari jipya la watu?"

"Si wenye duka wanasema karibu ulijaribu? Basi tumekaribia."

Kesho yake asubuhi wakaanza na la gereji. Pole, kwa shauku yake, alikuwa ameshalifungia pedali ya pili kabla hata ya kuuliza bei. Mkunga akaingia, akajifunga mkanda, akashusha pumzi kama mtu anayeingia maji ya baridi. Somo likaenda kama masomo yote yalivyokuwa yakienda. Gari likazima. Likawashwa, likazima tena. Barabarani akatokea mwanamke na beseni la nguo, na mkunga alipokuwa bado anamtazama gari likawa limeshasimama, mguu wa mwalimu umefanya kazi. Akatokea mbwa, likasimama. Ikatokea karatasi inapeperushwa na upepo, likasimama. Waliporudi gereji mkunga alikuwa amelowa jasho.

"Gari zuri," alisema kwa adabu, "lakini mimi ndiye yuleyule."

Mchana wakaenda kwenye duka la vioo. Muuzaji alivaa tai na tabasamu, akawapokea kama wakwe. Akaeleza kwamba nyuma ya duka kuna uwanja wa kujaribia, wauzunguke taratibu, yeye atakaa nyuma. Mwanawe Mama Breki naye akaingia nyuma, maana alitaka kuuona ushindi wake kwa macho. Mama Breki akakaa upande wa abiria. Pale chini hapakuwa na pedali, zulia tu, jipya, bado linanuka duka. Akasema hewalaa, uwanjani hakuna kitu cha kugonga.

Mkunga akaliwasha. Lilikuwa laini kweli, sitaki kulidhulumu. Lilitambaa likaenda mpaka mwisho wa uwanja, na hapo ilitakiwa kukata kona warudi. Mkunga hakukata kona. Alisahau mkono gani unakwenda wapi, akanyoosha, na mbele yake kulikuwa na geti. Sasa askari wa geti la duka la magari amefundishwa jambo moja maishani mwake: gari jipya linalong'aa likija, fungua. Akafungua. Akapiga na saluti.

Wakatoka barabarani. Muuzaji nyuma akatoa sauti ndogo. Mwanawe Mama Breki, mtu wa bima, akaanza kusali kwa mdomo wazi.

"Taratibu, dada," Mama Breki akasema, sauti yake ileile ya siku zote. "Gia ya pili. Vizuri. Tutazunguka tu hapa mbele."

Hawajafika mbali, mtu wa baiskeli akachomoka uchochoroni na kreti za soda zimefungwa nyuma kimo cha mtu. Mguu wa Mama Breki ukashuka. Pu! Ukakuta zulia. Ukashuka tena kwa nguvu zote, pu, na hakukuwa na kitu, na katika ule muda mdogo mwalimu huyu aliyewafundisha watu wengi namna ile alijua kwamba hana la kufanya. Akakata tamaa. Alitaka kumfunika mkunga uso kwa mkono wake.

Gari likasimama.

Lilisimama bila kurusha mtu, na nafasi ikabaki mbele ya kutosha mtu kupita na ndoo. Mwenye baiskeli akawatukana kidogo, akaendelea na safari yake. Mkunga alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, mguu wake mwenyewe uko juu ya breki, na uso wake ulikuwa na mshangao wa mtu aliyesikia anaitwa kwa jina na asiyemjua.

"Nimefunga mimi?" akauliza.

"Umefunga wewe," Mama Breki akamjibu.

Mkunga akaweka gia, akaenda. Akasimama njia panda mwenyewe. Akampisha mtu mwenyewe. Akazunguka mtaa, akarudi getini, askari akafungua akapiga saluti ya pili, na muuzaji akashuka, akaomba maji. Mwanawe Mama Breki alikuwa anacheka kwa furaha na woga. "Umeona, mama? Umeliona gari? Asubuhi alikuwa anatota jasho kwenye lile sanduku la baba mdogo, na sasa mtazame! Gari ndiyo tofauti!"

Kila mtu pale aliamini hivyo, hata mkunga mwenyewe, aliyekuwa anapapasa boneti jeupe kama shavu la mtoto. Ingekuwa rahisi kwa Mama Breki kuamini nao. Angenunua gari jipya, mwanawe afurahi, heshima yake ikae palepale ilipokuwa. Na hapa ndipo ninapompenda mwanamke huyu. Hakujidanganya hata kidogo. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha abiria, na alikuwa ameusikia mguu wake ukigonga zulia.

Akamuuliza muuzaji kama wanaweza kufungiwa pedali ya pili.

"Hapana, mama," akajibu kwa upole. "Chini ya zulia hapo pamejaa nyaya. Ukitoboa sakafu, dhamana imekwenda na maji."

"Ahsante, baba. Gari lenu ni zuri, limenifaa sana leo. Sitalinunua, lakini Mungu awape wateja."

Walipofika nyumbani akamkalisha mwanawe kibarazani, akamtazama usoni.

"Wewe ulipotaka kujifunza gari ulikuja kwangu mara mbili. Halafu ukaniambia rafiki yako wa ofisini anakufundisha kwa sababu ni karibu na kazi. Nataka uniambie ukweli."

Mwanawe akainamisha kichwa, akachezea funguo. "Mama, yamepita hayo."

"Niambie. Sitakasirika."

"Kwako sikuwa naendesha," akasema mwishowe. "Nilikuwa nashika usukani tu. Kila nikitaka kufunga breki, nakuta umeshafunga. Nikawa siwezi kujua kama ningeweza. Sikutaka kukuumiza."

Alikuwa ameahidi kutokasirika, na hakukasirika. Aliumia, hilo ndilo neno. Alikaa pale kibarazani akiwakumbuka wanafunzi wake mmoja mmoja, hasa wale waliopata leseni kwa tabu na wale walioikosa, na kila uso ukamchoma. Alikuwa akijisifu kwamba hafokei mtu. Kumbe mguu ulikuwa unafoka siku nzima: huwezi, huwezi, acha nifanye mimi. Na yeye mwenyewe, siku ya gari la mikate, ni nani aliyemkanyagia? Angekuwepo wa kumkanyagia angekuwa anafunga mikate mpaka leo. Machozi yakamtoka, mwanawe akamshika bega.

Mwingine katika umri wake angesema basi, nimekwishaharibu, nipeleke kwenye chumba cha uani. Mama Breki alijipangusa kwa kanga, akasimama, akaenda gereji kwa miguu.

"Shemeji, ninalichukua la mpima ardhi," akamwambia Pole.

Pole akaruka kwa furaha. "Nilisema mimi! Usiache mbachao kwa msala upitao!"

"Nyamaza kwanza. Ninalichukua kwa sababu linakubali kufungwa pedali, na anayeanza bila pedali ataua mtu. Lakini hiyo pedali nataka uifanye ya kung'oka. Nikitaka iwepo, iwepo. Nikitaka isiwepo, niitoe kwa mkono."

Pole akamtazama kama mtu aliyeagizwa mlango usio na ukuta. "Breki ya kung'oka? Shemeji, watu wanakuja hapa niwakazie breki, wewe unataka niilegeze?"

"Ndiyo."

"Pole," akasema Pole, na safari hii haikujulikana anampa nani. Lakini ni fundi, na fundi ukimpa jambo lisilowezekana umempa zawadi. Alilala chini ya gari, akakata, akachomelea, akatia pini nene ya chuma. Ukiivuta pini, pedali inatoka nzima nzima na unaweza kuitupa kiti cha nyuma.

Na mwanawe? Alitoa nyongeza yake kama alivyoahidi, bila kinyongo, ila alilikatia lile gari bima kubwa kuliko gari lenyewe.

Mama Breki akajifunza kazi upya. Sisemi ilikuwa rahisi. Kwa mwanafunzi anayeanza kabisa pedali ilikuwepo, na mguu aliuzuia kwa kuukalia, kwa kuubana na mkoba, kwa kuukemea waziwazi mbele ya mwanafunzi: tulia wewe! Wanafunzi walicheka, na kucheka kukawasaidia. Siku nyingine mguu ulimshinda, akakanyaga pasipo na haja, na hapo akaomba radhi. Hebu niambieni ni walimu wangapi mnaowajua wanaoomba radhi. Fundi cherehani, aliyekuwa amekwenda zake kwa aibu, aliitwa arudi, na mwalimu mwenyewe ndiye aliyemfuata nyumbani kwake kumwita. Kazi ikasimama tena, na mpaka ninavyosimulia hivi shule ipo, na chumba cha uani kinawekewa mizigo.

Mkunga leseni aliipata. Nawaambia mapema msije mkakaa roho juu kwa ajili ya mtihani, maana mtihani ulikuwa jambo dogo, aliufanya kama anayekwenda kununua chumvi. Jambo kubwa lilikuwa siku ya kuamkia mtihani, somo la mwisho.

Asubuhi hiyo Mama Breki alivuta pini, akaing'oa pedali, akamwonyesha mkunga, akaitupa nyuma. Mkunga akatikisa kichwa.

"Naogopa, mwalimu. Kule dukani sikujua. Leo najua."

"Hata mimi naogopa," Mama Breki akasema. "Washa gari."

Lakini alijua mguu wake. Alijua kwamba hata pasipo na pedali utaigonga sakafu, na mkunga atausikia, na mabega yatapanda masikioni. Basi akavua viatu. Mwanamke yule mtu mzima, mwenye goti linalolalamika kila mvua ikikaribia, akainua miguu yote miwili akaikunja juu ya kiti kama mtu aliyekaa mkekani, akaifunika kwa kanga. Mkunga akatazama miguu ile, akatazama barabara, akaweka gia ya kwanza.

Walipita shule, wakapita zahanati, wakaingia barabara ya mteremko yenye maduka huku na huku. Mkunga alikuwa anaendesha vizuri. Hapo ndipo mkokoteni wa matofali ulipomponyoka mwenyewe kwenye kilima cha pembeni, ukashuka unakuja barabarani peke yake, mwenyewe nyuma anapiga kelele.

Mama Breki aliuona kabla ya mtu yeyote, kama kawaida yake. Mwili wake wote ukaitaka ile pedali. Aliishika miguu yake kwa mikono miwili kwa nguvu mpaka kucha zikamuuma, akauma midomo asije akasema neno, na kwa kuwa hakikubaki kitu kingine cha kufunga, akafunga macho.

Hakusikia kishindo. Alisikia matofali yakimwagika mtaroni, mbali kidogo, na watu wakicheka kwa ahueni. Alisikia injini ya gari kuukuu inanguruma taratibu mahali pamoja, haijazima. Kisha mkono ukamkaa begani, mkono usiotetemeka, na sauti ambayo hakuwahi kuisikia ndani ya gari lake, sauti ya mtu aliyeko kazini kwake.

"Haya mama, fumbua macho," mkunga akamwambia. "Yamekwisha. Pumua."